Riwaya Iliyomalizwa kwa Mdomo

Mwezi uliopita nilisikia riwaya yangu ikisimuliwa na mwanamke nisiyemjua, tangu mwanzo hadi mwisho, na mwisho wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Riwaya hiyo haijachapishwa popote. Kusema kweli, haijaandikwa ikaisha. Imelala katika sanduku la bati chini ya kitanda changu hapa Garissa, ikiwa na kila kitu isipokuwa sura ya mwisho.

Nitafika huko kwa utaratibu. Siku mliyoniaga kwenye kituo chetu cha redio mlinipa vitu viwili: saa ya ukutani na ombi la kuwaandikia miaka yangu ya kazi. Saa imeshasimama kwa vumbi. Ombi bado linatembea, basi nalijibu. Vyeo sitavitaja, viko kwenye faili na hakuna anayezifungua. Mishahara mnaijua, kwani ni ileile mnayoilalamikia. Nitaandika kuhusu kuandika, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya, na kuhusu kumaliza, kwa sababu ndilo jambo lililonishinda.

Nilipoingia kituoni nilikuwa msichana aliyetoka shule, mwenye Kiswahili cha darasani na Kisomali cha nyumbani. Mhariri wetu alikuwa Bwana Mwendwa, mtu wa Kitui aliyeletwa huku kwa uhamisho na, kinyume cha wengi walioletwa kwa uhamisho, akakaa. Siku ya kwanza alinipa habari ya kisima kilichobomoka Tarbaj. Niliandika ukurasa mzima. Hakuusahihisha. Aliusoma kwa sauti, na kila alipoishiwa pumzi alipiga mstari kwa penseli. Alipomaliza, karatasi ilikuwa imejaa mistari na yeye alikuwa anahema.

"Sahra," akasema, "unataka kumuua mtangazaji?"

"Hapana, bwana."

"Basi weka nukta. Msikilizaji hawezi kurudi nyuma kusoma tena. Yuko jikoni, maziwa yanataka kufurika. Mwambie nani, mwambie nini, umwache aende kwa maziwa yake."

Sijapata somo bora kuliko hilo, na nimehudhuria semina nyingi zenye soda.

Vyombo vyetu mngevicheka. Kinasa sauti kilikuwa kisanduku cha kuning'iniza begani, kizito kama mwana-mbuzi. Kanda zilikatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa utepe, na katika joto la Garissa utepe ulilainika na kuachia, kwa hiyo mkuu wa wilaya aliweza kuanza sentensi akiwa Wajir na kuimalizia na mbuzi wa mtu. Kwa michezo ya redio, ambayo baadaye ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa, tulikuwa na sinia la mchanga wa Mto Tana kwa ajili ya nyayo, kengele ya mbao ya ngamia, na mlango usio na nyumba. Mlango ule tuliufunga na kuufungua mpaka bawaba zikaisha.

Safari yangu ya kwanza ya mbali ilikuwa kwenda upande wa Hulugho kufuata watu wa chanjo ya mifugo. Gari lilichemka njiani. Dereva alikwenda kutafuta maji, nami nikamfuata mpaka tukafika kwenye kisima cha kuchimbwa kwa mkono. Pale alikuwepo msichana mmoja tu, labda wa miaka kumi na mitano, na kamba, na ndoo, na hori la udongo la kunyweshea. Hapakuwa na kibanda chochote kinachoonekana, wala mfugo.

Nyinyi mlioanza kazi kwenye kompyuta huenda hamjui desturi hii, kwa hiyo naieleza. Kisima ni cha familia iliyokichimba, mradi waonekane wapo. Kikiachwa tupu, wengine watasema kimetelekezwa, na ugomvi wake huchukua miaka. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, familia ya msichana ikahama na ngamia, ikamwacha yeye. Na desturi ya pili ni kwamba mgeni hanyimwi maji, ila atasalimia, atajitaja ni nani, kisha atasubiri zamu nyuma ya waliotangulia.

Nilimwuliza kwa nini yuko peke yake. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini kuna mchana.

"Nimekaa ili kisima kisikae peke yake," akasema.

"Watarudi lini?"

"Wakirudi."

Alitupa maji, tukanywa, tukajaza gari, tukaondoka. Habari niliyoandika siku ile ilihusu chanjo. Msichana hakuwemo. Lakini nilipomsimulia Bwana Mwendwa, aliweka penseli chini, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Hiyo si habari," akasema. "Hiyo ni riwaya. Anza."

Nikaanza. Nilimpa msichana jina, Idil. Nilimpa mama mgonjwa, kaka mwenye hasira, na majira matatu ya kusubiri. Niliandika baada ya sala ya alfajiri, kabla joto halijashika mji, kwa sababu hapa ikishafika saa nne asubuhi kichwa huwa cha kubebea leso tu. Niliandika kwa Kiswahili. Wengi wameniuliza kwa nini si Kisomali. Jibu ni la kawaida mno: Kisomali changu ni cha kusema, Kiswahili changu ni cha kuandika. Kimoja nilipewa mdomoni, kingine mkononi.

Hapo ndipo kosa langu lilipojificha, na nawaandikia ili msilirudie, ingawa nadhani wengi wenu mmeshalirudia.

Sisi ni watu wa kusimulia. Mtu akikaa kwenye chai ya maziwa na watu wanne, ataulizwa habari, na habari mbovu ni dharau kwa chai. Mimi nilikuwa na Idil. Nilimsimulia arusini, nikamsimulia msibani watu walipotaka kusahau kidogo, nikamsimulia kwenye soko la maziwa ya ngamia huku akina mama wakisahau kuuza. Niliona sura zao zikikunjuka na kukunjamana. Nilirekebisha palipolegea. Nikafika mwisho, nao wakapiga ulimi, wakasema "Wallahi," na mimi nikarudi nyumbani nimetulia, kama mtu aliyefanya kazi. Asubuhi nikikaa mbele ya karatasi, hakuna kitu kilichonisukuma. Idil alikuwa ameshakwenda na watu wa arusi.

"Unaimaliza kwa mdomo," Bwana Mwendwa aliniambia. "Mkono utabaki na nini?"

"Watu wananiuliza, bwana. Niwanyamazie?"

"Hutaweza kunyamaza, nawajua. Basi weka kitu kimoja usichokisema. Kimoja tu. Kifungie ndani, ili mkono uwe na sababu ya kuamka."

Nilifanya hivyo. Kulikuwa na jambo nililoliona kisimani ambalo sikumwambia mtu yeyote, hata yeye. Wakati tunaondoka, nilimwona msichana akifunika mdomo wa kisima kwa matawi ya miiba, kama wafanyavyo wote ili mifugo isitumbukie. Kisha alivua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga juu ya tawi la mwisho, ili kwa mbali ionekane kwamba pana mtu. Akabaki kichwa wazi juani. Hilo nililitunza. Liko katika sura ya nne, na ni ukurasa pekee ambao sijaubadilisha.

Kwa nguvu ya kitambaa kile nilisogea sura baada ya sura, kwa miaka mingi, katikati ya michezo ya redio, matangazo ya maji, hotuba nilizowaandikia watu ambao baadaye walinieleza walivyohangaika kuziandika. Mchezo wa redio unamalizika hata usipotaka. Alhamisi ikifika, waigizaji wamekaa, muda wa hewani unangoja, unaandika mstari wa mwisho ukiwa umesimama. Riwaya haina Alhamisi. Nawaambia hivi bila mzaha: tafuteni mtu wa kuwadai. Mimi aliyekuwa ananidai alirudi Kitui kustaafu. Kila Idi alinipigia simu, na kabla ya kunitakia heri aliuliza, "Idil bado yuko kisimani?" Idi moja simu haikuja. Aliyepiga alikuwa binti yake, siku chache baadaye, na hakuwa na swali.

Hapo ilibaki sura ya mwisho. Nimeiandika mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Katika zote, lori la mfanyabiashara linapita, Idil anapanda, vumbi linatimka. Ukiisikia kwa masikio ya redio ni nzuri: injini, honi, muziki unapanda. Kwenye karatasi hakuna muziki wa kupanda. Miaka ile yote muziki ulikuwa ukifunga milango ambayo mimi sikujua kuifunga, na sikuwa nimeligundua hilo mpaka nilipobaki peke yangu na karatasi.

Wauza maziwa sokoni hawakunionea huruma. Kuna mmoja ambaye hata leo akiniona hupaza sauti, "Sahra! Hii kitabu yako iko wapi? Yule msichana atazeeka hapo kwa kisima!" Na wenzake hucheka, nami hununua maziwa.

Kisha nikastaafu. Nilidhani mapumziko yatanipa muda. Yalinipa muda na magoti, na magoti yana madai yao. Nilikuwa nimekaa hivyo, nimechoka na kutofanya kitu, Nasra alipokuja. Nyote mnamjua Nasra, aliyechukua dawati langu. Alikuwa anakusanya ngano kwa ajili ya kipindi, amerekodi huko Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi, akataka nimsaidie kuzigeuza ziwe Kiswahili.

"Eedo, hii moja ni noma," akasema, akinipa simu na vidude vya masikioni. "Sikiza kwanza, usiniulize kitu."

Eedo kwetu ni shangazi, na aitwaye hivyo hurudisha neno lilelile. "Haya, eedo," nikamwambia, nikasikiliza.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mwenye haraka, na nyuma yake mlio wa soko. Alisema palikuwa na msichana aliyeachwa kwenye kisima. Nikatabasamu. Niliwaza: basi imefika mpaka Ifo, kutoka arusi hadi arusi. Hadithi kwetu haina mwenyewe. Shairi ndilo lenye mwenyewe, na hulisemi kabla hujamtaja aliyelitunga. Kwa hiyo sikuwa na la kudai. Nilijisikia kama mtu aliyeona kondoo wake katika kundi la jirani, amenenepa.

Kisha mwanamke yule akasema: akafunika kisima kwa miiba, akavua kitambaa chake, akakifunga juu ya tawi.

Nilirudisha nyuma. Nikasikiliza tena. Nasra aliniuliza kama nina homa.

Na mwisho wake ulikuwa huu. Familia inarudi. Majira yamepita, mvua ya mbali imekauka, baba anakuja na ngamia wenye kiu na kuwapeleka moja kwa moja kwenye hori. Msichana anashika kamba. Anamwambia, "Wageni husalimia kwanza. Nyinyi ni kina nani?" Baba anadhani ni mzaha. Si mzaha. Analazimika kusalimia, kujitaja kwa jina lake na la baba yake, mbele ya watu wanaomjua, kisha kusubiri zamu nyuma ya mbuzi wa wageni. Jua linapinduka. Zamu yake inafika, binti anawanywesha ngamia wote mpaka wanashiba. Halafu anampa baba kamba mkononi na kusema, "Sasa kaa wewe." Anaondoka kwa miguu.

Nilivua vile vidude. Lori langu lilikuwa limekufa hapohapo.

Wiki iliyofuata Nasra alinipeleka Ifo. Mwanamke yule anaitwa Dahabo, anauza maziwa sokoni, bidhaa yake huletwa kutoka upande wa Hulugho. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye mikono isiyotulia. Alinipima toka juu hadi chini.

"Wewe ndiye Sahra wa redio? Nilidhani ni jitu la mwanamke. Sauti kubwa hivyo imekaa wapi?"

"Imestaafu," nikamwambia. "Iliyobaki ndiyo hii."

Alicheka, akatumiminia chai. Nilimweleza kwa utaratibu, kama nilivyofunzwa: mimi ni nani, nataka nini. Ninaandika kitabu, mwisho wake umenishinda, na mwisho alioutoa yeye ndio wa kweli. Naomba niutumie.

"Hadithi gani inaombwa, eedo?" akasema. "Chukua. Nani alimlipisha mtu hadithi?"

Nilihisi mabega yangu yakishuka. Miaka yote ile, na kazi imekwisha kwa glasi ya chai. Lakini mimi ni mwandishi wa habari, na mwandishi wa habari huuliza swali moja la ziada hata akiwa ameshika alichokuja kukichukua.

"Wewe uliisikia kwa nani?"

"Kwa mama."

"Na mama aliisikia kwa nani?"

Dahabo aliacha kusuuza kibuyu. "Mama hakuisikia. Mama alikuwa pale. Ni yeye."

Nasra akasema, "Subhanallah," kwa sauti ndogo.

"Anasema siku moja alikuja msichana wa serikali, ana kisanduku begani," Dahabo akaendelea. "Akanywa maji kidogo, akauliza maswali mengi kuliko maji." Alinitazama, akatazama bega langu, kama kwamba mkanda ungekuwa umeacha alama. "Eedo. Ni wewe?"

Nikasema ni mimi.

Mteja mmoja akapaza sauti akidai maziwa yake. Dahabo alipomaliza kumhudumia alirudi na uso mwingine.

"Basi siwezi kukupa," akasema. "Kwenye kanda ya Nasra nilisema tu palikuwa na msichana. Kitabu kina jina juu yake, kinakaa. Na babu yuko hai."

"Baba yake mama?"

"Ndiyo, huyohuyo. Mama aliondoka siku ile, akaolewa, akazaa, na mzee alipokosa macho ndugu za mama wote walikuwa na sababu za kutomchukua. Yeye ndiye aliyemchukua. Anamlisha kwa mkono. Wako nyumba moja huko Hulugho. Hawajawahi kulitaja jambo la kisima, hata siku moja. Sisi watoto mama alitusimulia mzee akiwa amelala." Akasita. "Watu wa kule wakisikia, watajua ni nani. Na mzee pia atajua."

Nilimwambia ninaweza kubadilisha jina na mahali. Nilipokuwa nasema nilijua ni upuuzi. Kwetu mtu huhesabu ukoo wake vizazi vingi nyuma. Hawezi kushindwa na jina la uongo.

"Muulize mama," nikasema mwishowe. "Akikataa, nitaandika lori."

"Lori gani?"

"Usijali, eedo."

Jibu lilikuja na dereva wa lori la mifugo, kwa mdomo, kama ujumbe wa watu wa heshima unavyopaswa kuja. Mama yake Dahabo hakusema ndiyo wala hapana. Alisema asomewe kwanza, tangu mwanzo hadi nilipofika, kisha atajua.

Yeye hasomi, na Kiswahili hakijui. Basi kwa wiki kadhaa nimefanya kazi ambayo Bwana Mwendwa angeikataza kabisa: nimekaa chumbani, nimezima feni ili isiingie kwenye sauti, na nimegeuza riwaya yote kuwa Kisomali kwa mdomo wangu, sura kwa sura, ndani ya simu. Nilidhani nitachoka nayo, kama nilivyoichoka kila nilipoisimulia. Niligundua sentensi nyingi ambazo hazikuwa zimesema kitu. Kwa Kiswahili zilikuwa zimevaa vizuri; kwa Kisomali, mbele ya mwanamke niliyejua ananisikiliza, zilinitia aibu. Nilizikata kwenye karatasi vilevile. Sura ya kaka mwenye hasira niliitoa yote, maana sikumwona kaka yeyote, nilimbuni tu kwa sababu mchezo wa redio hutaka mtu wa kupiga kelele. Hili liwe la mwisho kwenu katika mambo ya kazi: mkitaka kujua kama mmeandika ukweli, msomeeni mtu aliyekuwepo. Ni njia ngumu, na wengi wetu tumeishi vizuri bila kuitumia.

Nasra alizihamishia rekodi zile kwenye simu moja, na dereva yuleyule akaibeba mpaka Hulugho. Alirudi juzi. Nilimngoja kwenye uwanja wa mifugo, nikasimama juani na magoti yangu, watu wakinisukuma na mbuzi wao.

Alinieleza alichokijua. Aliwaachia simu ndani ya nyumba, mama na mzee wote wawili wamekaa, akawaonyesha pa kubonyeza. Yeye akatoka kufunga turubai la lori. Alisikia sauti yangu ikianza. Ilisoma sura ya kwanza, ikaingia ya pili, mpaka pale baba anapomwambia binti kwamba hawatakawia. Hapo ikakatika. Hakusikia neno, wala kilio, wala mtu kuinuka. Alipoingia kuaga, simu ilikuwa mkekani katikati yao, na mama alikuwa anamtolea mzee kokwa za tende; jibu la kuniletea hakumpa.

Nilimwuliza ni nani aliyeizima. Akasema alikuwa nje, hakuona.